Kutengeneza planta ya mahindi ya mstari mmoja: mwongozo kamili kuanzia mbegu hadi fremu

Mpunga ukikosa mche mmoja, mashina ya jirani hutoa machipukizi na kuziba pengo. Mahindi hayana tabia hiyo. Shimo lisilo na mbegu hubaki wazi mpaka mavuno, na pale zilipodondoka mbegu mbili au tatu, miche hunyang'anyana maji na mbolea, mwisho mkulima anavuna vibunzi. Ndiyo maana planta ya mahindi, yaani mashine ya kupanda mbegu, haipimwi kwa wingi wa mbegu inazomwaga, bali kwa usawa wa nafasi kati ya mbegu moja na nyingine, na usawa wa kina zilikolala.

Mafundi wengi wanaojaribu kuunda planta huanzia kwenye fremu, kwa sababu vyuma wanavyo. Wakishachomelea ndipo wanapotafuta mahali pa kubandika sanduku la mbegu. Mimi nashauri twende kinyume: tuanze na mbegu ikiwa imeshalala kwenye udongo, kisha turudi nyuma hatua kwa hatua: bomba lililoileta, rola (gurudumu dogo lenye vishimo vya kuchotea mbegu) iliyoipokea kwenye sanduku, gia zinazoizungusha rola, na gurudumu linaloendesha vyote hivyo. Fremu iwe ya mwisho, kwa kuwa kazi yake ni kushikilia yale yaliyokwisha kuamuliwa.

Mfano wetu ni planta ya mstari mmoja inayokokotwa na maksai wawili, inayoweza kutengenezwa kwenye karakana yenye mashine ya kuchomelea, drili na grainda. Rola peke yake utaipeleka kwa fundi mwenye mashine ya kukereza.

Anza kwa kuandika unachokitaka shambani

Chukua karatasi uandike namba kabla hujashika msumeno. Kwa mahindi, nafasi iliyozoeleka ni sentimita 75 kati ya mstari na mstari, na sentimita 30 kati ya shina na shina, mbegu moja kila shimo. Ekari moja ina mita za mraba 4,047, na kila mche unachukua mita za mraba 0.225. Gawanya: unapata miche karibu 18,000 kwa ekari, au 44,444 kwa hekta. Planta ikiteleza ikawa inaangusha kila sentimita 33, hesabu hiyo hushuka hadi kama 16,350. Mkulima amepoteza zaidi ya mashina 1,600 kwa ekari, na kwa macho hataona kosa lolote.

Kina ni sentimita 5 kwenye udongo wenye unyevu. Kwenye kichanga, au ukipanda kabla mvua haijatulia, nenda hadi 7. Mbegu ya sentimita 2 ikichanganyika na ya sentimita 7 kwenye mstari mmoja, miche itatokeza kwa siku tofauti, na uliochelewa utaishi kwenye kivuli cha wenzake msimu mzima.

Halafu kuna mwendo. Maksai waliozoea kazi hutembea kati ya mita 0.6 na 1.0 kwa sekunde. Nitatumia 0.8 kwenye hesabu zote zinazofuata.

Pima mbegu yenyewe

Nunua pakiti ya mbegu ile ile wanayopanda wakulima unaowatengenezea. Toa mbegu 50 bila kuchagua, kisha pima kila moja kwa kalipa (kifaa cha kupimia milimita): urefu, upana na unene. Kwa kawaida utakuta urefu wa milimita 9 hadi 12, upana wa 7 hadi 9, na unene wa 4 hadi 6. Andika kubwa kuliko zote na wastani. Rudia kwa pakiti ya aina nyingine, kwa sababu mbegu za katikati ya gunzi ni bapa na zile za ncha na kitako ni za duara, na kampuni huzichekecha kwa makundi tofauti. Rola iliyotobolewa kwa ajili ya mbegu bapa hutoa mapengo ukiwekea za duara kubwa, na huchota mbili mbili ukiwekea ndogo.

Mbegu za dukani zimepakwa dawa. Vaa glavu unapopima na unapojaribisha mashine, na zilizobaki zisiende jikoni wala kwa kuku. Dawa hiyo na rangi yake pia huzifanya ziwe na msuguano, hivyo usijaribishe mashine kwa mahindi ya kula ukadhani umemaliza.

Kifungua mfereji

Huyu ndiye anayetayarisha kitanda cha mbegu. Kwa shamba lililolimwa na kulainishwa, kifungua chembamba chenye umbo la ncha ya jembe kinatosha. Upana wa milimita 30 usizidi sana, kwa sababu mfereji mpana huiacha mbegu iviringike na hukausha udongo. Chuma kizuri ni springi chakavu ya gari. Ipashe moto, ikunje, inoe ncha, kisha izimishe kwenye mafuta ipate ugumu. Nondo na bapa la kawaida huisha baada ya ekari chache, na ncha ikiisha kina hubadilika.

Ncha ilale kwa mteremko wa nyuzi kama 45 kuelekea mbele, ili iingie yenyewe bila kulazimishwa kwa uzito. Ikisimama wima itaruka juu ya udongo mgumu.

Nyuma ya ncha chomelea mabati mawili ya milimita 3, moja kila upande, yaliyoachana kiasi cha kupitisha bomba la mbegu. Kazi yake ni kuzuia udongo usiporomoke mferejini kabla mbegu haijafika chini. Hapa fanya kazi kwa uangalifu: makali ya chini ya mabati hayo yawe juu ya ncha kwa sentimita 1, na nyuma yake pabaki wazi. Yakiwa sawa na ncha, yanaburuza na kusomba udongo. Yakiwa juu mno, udongo unaingia na mbegu zinalala kwenye vina tofauti. Kama shamba lina mabua mengi juu yake, ncha ya aina hii itakusanya takataka, na hapo utahitaji diski ya kukata mbele yake. Kwa planta ya kwanza nakushauri ujenge kwa shamba lililosafishwa.

Bomba la mbegu

Mbegu ikidondoka kutoka kimo cha sentimita 40 huchukua sekunde 0.29 kufika chini. Katika muda huo mashine imesogea sentimita 23. Hilo peke yake halina madhara, kwa sababu kila mbegu inachelewa kwa kiasi kile kile na nafasi kati yao haibadiliki. Kinachoharibu ni mbegu moja kushuka moja kwa moja na nyingine kugongagonga kuta za bomba. Tofauti ya sekunde 0.1 tu ni sentimita 8 ardhini.

Kwa hiyo bomba liwe fupi, nyoofu na laini ndani. Shusha rola chini kadiri fremu itakavyoruhusu. Kimo cha sentimita 20 kutoka rola hadi chini ya mfereji ni kizuri. Bomba la plastiki la maji la inchi moja linafaa. Likate kwa msumeno, kisha sugua ndani ya mkato kwa msasa, kwani kijiuzi kimoja cha plastiki kinatosha kukwamisha mbegu. Usitumie mpira wa bustani unaopindapinda.

Mwisho wa bomba upinde kidogo kuelekea nyuma. Mbegu inayotoka ikielekea nyuma hupunguza ule mwendo wa mbele iliouchukua kutoka kwenye mashine, hivyo ikigusa udongo hutulia badala ya kuviringika.

Rola: moyo wa usawa

Mwingereza Jethro Tull, aliyeunda mashine yake ya kupanda kwa mistari karibu mwaka 1701, alieleza kwamba wazo la kudhibiti mbegu alilipata kwenye kinanda cha kanisani, kwenye ulimi na springi vinavyofungua na kufunga njia ya hewa. Zaidi ya miaka 300 baadaye kazi bado ni ile ile: kukubali mbegu moja, kuzikataa nyingine, na kuiachia kwa wakati wake.

Kwa kuchota mbegu zipo sahani za kulala, sahani za kuinama na rola za kusimama. Sahani ya kuinama huchagua mbegu vizuri na kwa upole, lakini shafti yake imelala upande tofauti na ekseli ya gurudumu, na unahitaji gia za pembe. Rola ya kusimama ina shafti iliyo sambamba na ekseli, hivyo cheni ya baiskeli inatosha. Kwa karakana ya kawaida chagua rola.

Vipimo ninavyopendekeza ni kipenyo cha sentimita 10, upana wa sentimita 4, na vishimo 4 vilivyopangwa kwenye mzingo kwa nyuzi 90. Malighafi iwe nailoni ya mviringo. Kwa Dar es Salaam ulizia maduka ya vyuma ya Gerezani na Kariakoo. Mbao ngumu kama mninga hufanya kazi kwa muda, lakini siku ya mvua hufura na kubana kwenye nyumba yake, yaani kasha linaloizunguka. Alumini ya kuyeyushwa ni sawa kama fundi ataikereza ikawa laini.

Kwa nini vishimo 4, wala si 12? Swali hili lina pande mbili, na mwenye kubuni lazima azione zote. Vishimo vingi kwenye rola inayozunguka polepole hujaa vizuri, kwa sababu mbegu inapata muda wa kutulia ndani. Lakini rola ya polepole huachia mbegu ovyo. Rola yenye vishimo 4 inayozunguka mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu ina mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde kwenye ukingo wake. Mbegu ikichelewa kuachia kwa nusu sentimita ya mzingo, ardhini kosa ni sentimita 2. Fanya vishimo 12 na upunguze mzunguko mara tatu: nusu sentimita ile ile inakuwa zaidi ya sentimita 6 ardhini. Kwa hatua ya maksai, vishimo 4 hujaa bila shida, hivyo tunachukua faida ya kuachia kwa usahihi. Kama ungekuwa unafunga mashine hii nyuma ya trekta linalokimbia mara mbili ya hapo, ungelazimika kupima upya.

Ukubwa wa kishimo unatokana na zile mbegu 50. Kipenyo kiwe kama asilimia 10 juu ya urefu wa mbegu kubwa ya kawaida, na kina kilingane na unene wake na kuzidi kidogo. Kwa mbegu ya milimita 11, toboa kwa drili ya milimita 12, kina cha milimita 6, kisha lainisha mdomo wa kishimo kwa msasa upande ule mbegu inapoingilia. Anza na kidogo. Kishimo kidogo unaweza kukipanua, kikubwa hakirudi.

Mkerezaji akate pia kijimfereji chembamba cha milimita 3 kinachozunguka rola yote katikati ya vishimo, chenye kina sawa na vishimo. Ni chembamba kuliko unene wa mbegu, kwa hiyo hakibebi kitu. Ndani yake utapitisha ulimi wa bati jembamba la chuma cha springi uliofungwa kwenye nyumba ya rola, pale chini mbegu inapotakiwa kutoka. Kishimo kikifika hapo, ulimi unaisukuma mbegu nje. Bila ulimi huu, mbegu yenye rangi ya dawa, hasa asubuhi yenye unyevu, hung'ang'ania kishimoni na kutoka inapotaka.

Mzunguko uelekee upande mmoja na gurudumu. Mbegu itachotwa juu, itashuka upande wa mbele nyuma ya kinga ya bati, na kuachiwa chini, mahali ambapo uso wa rola unaelekea nyuma. Hilo linasaidia kile kile tulichokifanya kwenye mwisho wa bomba.

Pale rola inapotoka sandukuni weka brashi. Nywele za brashi ya viatu zinafaa sana: zinaipangusa mbegu ya ziada bila kuivunja. Bati gumu mahali hapo litakata mbegu vipande, na mbegu iliyopasuka haioti. Uwazi kati ya rola na kinga uwe milimita 1 au chini yake. Ukiwa milimita 3, mbegu bapa hujibana humo, na utasikia rola ikisaga.

Sanduku la mbegu

Hili lipite haraka. Kilo 5 za mahindi zinahitaji ujazo wa lita 7 hivi. Kuta za chini ziteremke kwa nyuzi 45 au zaidi ili mbegu zisining'inie. Juu ya rola, kwa kimo cha sentimita 5, weka kipande cha bati kilicholala kuwa dari ndogo, kusudi uzito wa mbegu zote usiikandamize rola. Bila dari hiyo, sanduku likijaa linapanda tofauti na likikaribia kuisha. Mfuniko ni lazima, na dirisha dogo la plastiki angavu ubavuni litamwonyesha mkulima mbegu zilipofika.

Gurudumu na gia

Gurudumu la chuma la kipenyo cha sentimita 40 hutengenezwa kwa bapa la milimita 50 kwa 5. Ukikata bapa, usitumie kipenyo cha nje kupata urefu. Tumia kipenyo cha katikati ya unene, yaani 39.5 mara 3.14, sawa na sentimita 124. Likunje, lichomelee, kisha litie spoki 4 hadi 6 za nondo na habu ya bomba. Juu yake panga meno 12 ya bapa yenye kimo cha sentimita 1.5 ili lishike ardhi.

Sasa angalia hesabu inayowapotosha wengi. Mzingo wa gurudumu hili ni sentimita 125.7, na ukigawanya kwa vishimo 4 unapata 31.4. Lakini shambani gurudumu huteleza, na meno huzama kwenye udongo laini na kusimama juu ya udongo mgumu. Umbali halisi wa mzunguko mmoja unatoka shambani, wala hautoki kwenye kikokotozi. Piga rangi spoki moja, peleka fremu yenye uzito wake kamili kwenye udongo uliolimwa, kokota mizunguko 10, pima kwa futi kamba. Tuseme umepata mita 13.2. Mzunguko mmoja ni sentimita 132, na gia zikilingana, mbegu zitaachana kwa sentimita 33.

Hapo ndipo gia za baiskeli zinapotusaidia. Ukiweka meno 18 kwenye ekseli na meno 16 kwenye rola, rola inazunguka mara 1.125 kwa kila mzunguko wa gurudumu na kuachia mbegu 4.5. Gawanya 132 kwa 4.5: sentimita 29.3. Hiyo ni karibu kabisa na 30. Kanuni fupi ya kukaa nayo ni hii: zidisha umbali wa mzunguko mmoja kwa meno ya gia ya rola, gawanya kwa meno ya gia ya ekseli, gawanya tena kwa idadi ya vishimo. Kwa gia za meno 16, 18 na 20, mkulima anaweza kubadilisha nafasi bila kukereza rola nyingine.

Kwenye ekseli tumia friwili, ile gia ya baiskeli inayoshika upande mmoja na kuteleza upande mwingine, ili mashine ikirudi nyuma rola isizunguke kinyume na kusaga mbegu. Lakini friwili ya baiskeli imeundwa ili cheni iliendeshe gurudumu, na hapa gurudumu ndilo linaloiendesha cheni. Ukiifunga upande wa kulia wa mashine kama ilivyo kwenye baiskeli, itateleza ukienda mbele na kushika ukirudi nyuma. Ifunge upande wa kushoto, uso wake ukitazama nje. Hapo inashika kwenda mbele, na nguvu ya kazi inazidi kuikaza kwenye uzi wake. Kata kipande chenye uzi kutoka kwenye habu chakavu, kichomelee kwenye ekseli kwanza, kisha ndipo uzungushe friwili. Moto wa kuchomelea ukiifikia yenyewe huua springi zake za ndani.

Gia ya rola isiwe friwili. Chukua duara la meno peke yake kutoka friwili chakavu, lichomelee kwenye kisahani chenye matundu matatu, na ukifunge kwa bolti kwenye shafti ya rola. Funika cheni yote kwa bati: huzuia udongo, na huokoa vidole.

Kufukia na kushindilia

Nyuma ya kifungua weka mabawa mawili madogo ya bati yaliyoinama kuelekea ndani, au kipande cha cheni nzito kilichofungwa kama kitanzi na kuburuzwa. Kisha gurudumu la kushindilia lenye upana wa sentimita 10. Mbegu hunywa maji kwa kugusana na udongo, hivyo udongo uliolegea wenye mifuko ya hewa huchelewesha kuota hata kama kuna unyevu. Kwenye kichanga shindilia bila hofu. Kwenye mfinyanzi mweusi wa mbugani, gurudumu liwe na uwazi katikati ili libane kandokando ya mbegu na kuuacha udongo wa juu yake ukiwa laini. Ukishindiliwa wote, jua likiwaka hukauka na kuwa ganda ambalo mche hauwezi kulipasua. Mfinyanzi huo pia hunata, basi kila gurudumu lipate kikwanguo.

Fremu sasa

Tumia bomba la mraba la milimita 40 kwa 40, unene wa 3. Gurudumu la kuendesha likae mbele ya kifungua, kwenye mstari mmoja nacho na karibu nacho kadiri inavyowezekana. Umbali ukiwa mkubwa, gurudumu linapanda tuta wakati kifungua kiko bondeni, na kina kinapotea. Gurudumu la nyuma, lile la kushindilia, liwe na matundu ya kupandisha na kushusha, kwa hatua ya sentimita 1. Hapo ndipo kina kinapopangwa. Shafti za milimita 20 zikae kwenye beringi za nyumba namba UCP204, zinazopatikana kwa urahisi.

Matundu ya kufungia mnyororo wa nira yapangwe wima, matano hivi. Ukifunga juu zaidi, kifungua kinaingia ndani. Ukifunga chini, kinapanda. Mnyororo ukiwa mfupi mno, maksai wananyanyua mbele ya mashine, gurudumu la kuendesha linapoteza uzito na kuteleza, na usawa wote tuliouhangaikia unaishia hapo.

Mwisho chomelea mkono wa kuchora mstari unaofuata, sentimita 75 kutoka kwenye kifungua, unaogeuzwa kulia na kushoto. Mikono ya kushikia ifike kiunoni. Mashine nzima mtu mzima aweze kuinyanyua nyuma na kuigeuza mwisho wa mstari peke yake.

Jaribio la karakana, halafu la shamba

Nyanyua mashine juu ya mawe gurudumu likiwa hewani. Weka mbegu nusu sanduku, tega beseni chini ya bomba, zungusha gurudumu mara 40 kwa mwendo wa maksai, yaani kama mara 6 kwa kila sekunde 10. Kwa gia za 18 na 16 unatarajia mbegu 180. Rudia sanduku likiwa limejaa, na tena likiwa karibu tupu. Hesabu zikitofautiana sana kati ya sanduku lililojaa na tupu, rekebisha ile dari. Zikiwa chini kila mara, panua vishimo kidogo au inua brashi. Zikiwa juu, ishushe.

Lakini jumla sahihi inaweza kuficha uovu. Mbegu mbili hapa na pengo pale hutoa jumla nzuri kabisa. Kwa hiyo nenda kwenye mchanga au udongo laini uliosawazishwa, fungua mabawa ya kufukia na gurudumu la nyuma ili mbegu zibaki wazi, ukiiinua nyuma kwa mikono kiasi cha kina unachokitaka, pitisha mashine, na upime nafasi 100 mfululizo. Kiwango cha kimataifa cha kupima mashine za mbegu moja moja, ISO 7256-1, kina njia nzuri ya kuzigawa: nafasi isiyozidi nusu ya ile unayoitaka ni mbegu maradufu, na inayozidi mara moja na nusu ni pengo. Kwa sentimita 30, chini ya 15 ni maradufu, juu ya 45 ni pengo. Zilizobaki ndizo sahihi.

Zisome kama daktari anavyosoma vipimo. Mapengo mengi bila maradufu: vishimo ni vidogo au brashi inakandamiza. Maradufu mengi: vishimo vina kina kirefu mno. Yote mawili kwa wingi, huku jumla ikiwa sahihi: rola haina kosa, tafuta kwenye ulimi na bomba. Nafasi zote zimeongezeka kwa pamoja: gurudumu linateleza, ongeza uzito mbele au badilisha gia. Planta ya karakana inayotoa nafasi sahihi 85 kati ya 100 naiona inafaa kwenda kwa mkulima. Chini ya hapo irudi mezani.

Kuna jaribio moja ambalo watu huliruka. Chukua mbegu 100 zilizopita kwenye rola na 100 kutoka pakitini, zipande kwenye mchanga wenye unyevu, subiri siku 7, hesabu zilizoota. Zilizopita mashineni zikipungua kwa zaidi ya mbili tatu, rola inajeruhi. Angalia uwazi wa kinga na ukali wa midomo ya vishimo.

Kina kipime baada ya miche kuchomoza. Ng'oa michache kwa uangalifu na upime sehemu nyeupe ya shina kutoka kwenye punje hadi usawa wa udongo. Huo ndio ukweli wa kina, hata kama matundu ya fremu yanasema vingine.

Mbolea iongezwe baadaye

Mkulima atakuuliza mapema kuhusu DAP, mbolea ya kupandia. Inawezekana, kwa sanduku la pili na kifungua cha pili kinachoiweka sentimita 5 pembeni mwa mbegu na sentimita 5 chini yake. Isipite kwenye bomba la mbegu, kwa sababu chumvi yake huunguza mche. Sanduku hilo lazima lioshwe na kukaushwa kila jioni, la sivyo mbolea italila bati. Kamilisha usawa wa mbegu kwanza.

Kabla ya kukabidhi, mfundishe mkulima mambo matatu shambani kwake: kushusha kifungua mashine ikiwa inatembea, maana kikishushwa imesimama mdomo wa bomba hujaa udongo, kufukua mbegu kadhaa kila baada ya mistari michache na kupima, na kupangusa vumbi la dawa kwenye brashi na vishimo kila anapojaza sanduku. Mpe gia zake tatu na spana ya kuzibadilishia, zikiwa zimefungwa kwenye fremu yenyewe.

Nawe, kabla planta ya kwanza haijaondoka karakanani, tengeneza jigi (kiolezo cha kushikilia vipande mahali pake) ya kuchomelea fremu na ya kutobolea rola kutoka kwake. Taasisi kama CAMARTEC ya Arusha, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, hupima zana za kilimo, na mashine unayotaka ipimwe lazima ifanane na zile utakazouza baada yake.